Aanzaye Wimbo: Asili ya Neno «Incentive» na Deni la Motisha



Nimealikwa kuzungumzia motisha kazini. Ningeweza kuanza na mishahara, maana huko ndiko fikra za wengi wetu zinakokimbilia, na hazikosei. Lakini nimeona nianzie kwenye neno la Kiingereza ambalo viongozi wetu hulifasiri wanaposema motisha, yaani «incentive». Neno hili limejaa katika mikataba ya ajira, sera za elimu, maandiko ya miradi na hotuba za bajeti. Wawekezaji wanaahidiwa incentive za kodi, wauguzi wanaahidiwa incentive za kwenda vijijini, mawakala wa simu wanasubiri incentive za mwisho wa mwezi. Likitajwa tu, msikilizaji anaona bahasha. Jioni hii nataka tulifuate neno hili hadi lilikozaliwa, kwa sababu naamini kuna kitu lilikidondosha njiani, na hasara yake tunaiona madarasani, kwenye zahanati na maofisini.

Kilatini kina kitenzi canere, maana yake kuimba. Jamaa zake wametapakaa katika lugha za Ulaya: mwongoza nyimbo wa kanisani anaitwa cantor, na lafudhi inaitwa accent kwa kuwa wazee wa lugha waliiona kama wimbo unaopanda juu ya maneno. Kitenzi hicho kikitiwa kiambishi cha mbele, kinakuwa incinere: kuanza kupuliza au kuimba. Humo ndimo lilimotoka neno incentivus, sifa ya kile kinachoongoza wimbo ili vingine vifuate.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote unatoka shambani. Mwaka wa 37 kabla ya Kristo, mwanazuoni wa Kirumi Marcus Terentius Varro, mzee wa umri wa karibu miaka 80, aliandika kitabu juu ya kilimo na ufugaji. Amekipanga kwa mtindo wa mazungumzo, watu wamekaa wanabishana kwa utulivu. Mmoja wao, Fundanius, anasema kwamba kulima na kufuga ni kazi mbili tofauti lakini ni ndugu, kama zumari ya mkono wa kulia ilivyo tofauti na zumari ya mkono wa kushoto na bado zote mbili zinapiga wimbo mmoja. Wapulizaji wa Roma walikuwa na desturi ya kupuliza zumari mbili kwa wakati mmoja, kila mkono na yake. Moja ilianza na kuongoza: hiyo iliitwa incentiva. Ya pili ilifuatia na kuitikia: hiyo iliitwa succentiva. Naye Varro akadakia kwamba maisha ya mfugaji ndiyo yanayoongoza na ya mkulima ndiyo yanayoitikia, kwa kuwa aliamini kwamba watu walichunga kabla ya kulima.

Tazameni basi hilo neno lilivyokuwa. Ndani yake hakuna malipo. Hakuna anayemlipa mwenziwe wala anayemngoja mwenziwe amalize ndipo ampime. Kuna aliyeanza na kuna anayeitikia, na yule aliyeanza naye pumzi zinamtoka kama mwenziwe.

Kwetu jambo hili halihitaji kamusi. Aliyewahi kusimama Lamu kwenye ngoma ya zumari anajua kwamba wapiga ngoma wote wanamsikiliza mtu mmoja mwenye mashavu yaliyojaa upepo. Wabajuni wana nyimbo za vave, nyimbo za wakulima wanaofyeka na kuchoma msitu wapate shamba, na huwezi kuzielewa ukizitoa kwenye kazi hiyo ukaziweka kwenye jukwaa peke yake. Wasukuma wana bugobogobo, ambako majembe yanapanda na kushuka kwa pigo la ngoma, na mtaalamu wa muziki Frank Gunderson alizikusanya nyimbo zao za kazi katika kitabu kinene kilichotoka mwaka 2010.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na zumari ya Varro ni kushua jahazi. Chombo kipya kimemalizika, kimekaa pwani juu ya magogo yaliyopakwa mafuta, na lazima kifike majini kabla maji hayajatoka. Watu wanashika kamba. Hakuna anayevuta kwanza, kwa sababu mtu mmoja akivuta anajiumiza bure. Mmoja mwenye sauti anatupa kipande cha wimbo. Wengine wanaitikia, na ni kwenye kiitikio ndipo miguu inapozama mchangani na kamba inapokaza. Sauti ya mwanzilishi haikisogezi chombo hata inchi moja. Kinachokisogeza ni kile kiitikio. Hata hivyo, mwanzilishi akinyamaza, jahazi linabaki palepale na watu wale wale, na nguvu zile zile, na njaa ile ile. Chombo kikishaelea, mwenye chombo anawalisha watu. Wali huo una heshima yake na hakuna anayeudharau, ila hakuna aliyeimba akiuhesabia.

Nirudi kwenye safari ya neno. Katika Kilatini cha zama za Ukristo wa mwanzo, waandishi wa kanisa walilitumia incentivum kwa maana ya kitu kinachoamsha tamaa, hasa tamaa ya dhambi. Wimbo ukawa uchochezi. Kuna neno jingine la Kilatini linalofanana nalo kwa sauti, incendere, maana yake kuwasha moto, na maneno hayo mawili yakaanza kuchanganyika vichwani mwa watu. Kiingereza kilipolipokea neno letu katika karne ya 15, lilikuwa tayari lina harufu ya moshi. Mwaka 1667 John Milton alichapisha utenzi wake wa Paradise Lost, na katika vita vya malaika mbinguni anataja mwanzi wenye sifa hiyo ya incentive: mwanzi wa kuwashia mizinga. Karne 17 baada ya Varro, mwanzi uliokuwa ukipuliza wimbo umegeuka mwanzi wa kulipua baruti. Sijui kisa kingine cha neno kinachonisikitisha kama hiki.

Sisi hatuna haki ya kuwacheka Waingereza. Nasi tuna kichocheo, na kila mwenye jiko la kuni anajua kichocheo kinafanya nini. Lakini tuna na hamasa, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, na hiyo imetoka kwenye ushujaa na ushairi kwa pamoja. Abu Tammam, mshairi wa karne ya 9, alikusanya diwani maarufu ya mashairi ya Waarabu ikaitwa Hamasa kwa jina la mlango wake wa kwanza, mlango wa mashairi ya ushujaa vitani. Mhamasishaji basi, kwa asili ya jina lake, ni jirani wa malenga. Tuna na ari, nayo pia ya Kiarabu, na huko mzizi wake ni aibu: mwenye ari ni yule ambaye fedheha ya kuiacha kazi nusu inamsumbua kuliko uchovu wa kuimaliza. Mkikumbuka, mwaka 2005 chama tawala cha Tanzania kiliingia kwenye uchaguzi kwa kauli ya ari mpya, nguvu mpya na kasi mpya. Waliotunga kauli ile hawakuanza na fedha. Walianza na ari, na watu wakaielewa siku ile ile.

Sasa fedha iliingiaje? Iliingilia kiwandani. Mwaka 1899 Mmarekani Frederick Winslow Taylor alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya chuma ya Bethlehem, Pennsylvania. Kulikuwa na mikuo ya chuma ya kupakia kwenye mabehewa ya reli. Kila mkuo ulikuwa na uzito wa karibu kilo 42. Mtu anainama, anaunyanyua, anapanda nao ubao ulioinama, anautupa ndani ya behewa, anarudi. Kwa maelezo ya Taylor mwenyewe katika kitabu chake cha 1911, kila mpakiaji alikuwa akimaliza kama tani 12 na nusu kwa siku kwa ujira wa dola 1 na senti 15. Taylor akamchagua mmoja, aliyempa jina la Schmidt kitabuni, akamwahidi dola 1 na senti 85 iwapo atatii kila anachoambiwa. Mtu mwenye saa akasimama pembeni: nyanyua, tembea, sasa kaa, pumzika. Jioni Schmidt alikuwa amepakia tani 47 na nusu. Pigeni hesabu. Ni zaidi ya safari 1,100 za kupanda ubao ule kwa siku moja. Kazi ilikaribia mara 4 ya ile ya awali, na ujira haukufika hata mara 2.

Wanahistoria waliochunguza kumbukumbu za Bethlehem wamekitilia shaka kisa hiki katika vipengele vyake vingi, na mimi nipo upande wao. Hata hivyo, kisa kimefundishwa vyuoni kwa zaidi ya miaka 100, na ndicho kilichowajenga mameneja. Linaloniuma zaidi si hesabu. Ni kwamba Taylor aliandika, bila kuona haya, kuwa mtu anayefaa kwa kazi ile anakaribiana na ng'ombe kwa akili yake nzito. Yule mwenye saa naye alikuwa na sauti, na sauti yake iliongoza. Tofauti yake na mwanzilishi wa wimbo wa pwani ni kwamba hakushika mkuo hata mmoja, wala hakutarajia kuitikiwa. Alitarajia kutiiwa.

Kutoka hapo njia ni fupi. Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, Marekani ilipohitaji ndege, meli na risasi kwa wingi na kwa haraka, malipo ya nyongeza kwa uzalishaji wa nyongeza yakawa lugha ya kila siku ya viwanda, na neno incentive likaambatana nayo moja kwa moja. Vita vikaisha, neno likabaki na maana hiyo. Wachumi wakalichukua, Benki ya Dunia na wafadhili wakalichukua kwa wachumi, na sisi tukalichukua kwa wafadhili. Lilipotufikia, hakuna aliyekumbuka zumari.

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani ugonjwa huu tumeletewa tu. Tuna neno letu lililopita njia ile ile mbele ya macho ya wazee wetu. Harambee ulikuwa ukelele wa wachukuzi na wavuta kamba: mmoja anauita, wote wanavuta. Mzee Jomo Kenyatta aliufanya wito wa taifa Kenya ilipojitawala mwaka 1963, na umeandikwa kwenye nembo ya nchi hadi leo. Miaka ya mwanzo ulijenga kweli. Watu walibeba mawe, walifyatua matofali, akina mama walichota maji ya kukorogea udongo, na shule za sekondari zilizoitwa shule za Harambee zikasimama nchi nzima. Kisha, polepole, harambee ikawa siku ya kuchangisha fedha. Kukawa na mgeni rasmi, kipaza sauti, na mheshimiwa anayesomewa kiasi alichotoa huku wanakijiji wakipiga makofi. Mikono iliyokuwa ikivuta ikageuka mikono ya kupiga makofi. Mambo yalifika mahali ambapo Sheria ya Maadili ya Maofisa wa Umma ya mwaka 2003 ililazimika kuwawekea mipaka watumishi wa umma katika uchangishaji huo.

Ipo hoja itakayoletwa dhidi yangu, na ni ya haki, kwa hiyo niitangulie. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wakasema pia chanda chema huvikwa pete, na mcheza kwao hutunzwa. Je, hao hawakuijua motisha ya fedha?

Waliijua vizuri kuliko Taylor. Tuitazame hiyo ya tatu. Kutunza ni nini? Nendeni kwenye taarabu, Unguja, Tanga au Mombasa. Mwimbaji amefika kwenye beti, na beti ile imemgusa mama mmoja aliyekaa safu ya tatu, imemgusa kwa sababu anazozijua mwenyewe. Mama anainuka. Haendi mbio. Anacheza taratibu kuelekea mbele, noti iko kwenye ncha za vidole, imeinuliwa ionekane, anazunguka mara moja, anampa mwimbaji au anamwekea kwenye nguo, anarudi kwenye kiti chake kwa mwendo ule ule. Mwimbaji hajakatisha wimbo. Ile noti haikuahidiwa mlangoni, haimo kwenye mkataba, na haikutolewa ili aimbe. Imetolewa kwa kuwa ameimba. Na methali imesema kwao. Mcheza kwao ana watu wanaomjua, anaowajibika kwao, watakaomwona kesho sokoni. Tuzo hiyo ni jibu. Ni kiitikio kilichovaa noti.

Wanasaikolojia wamekuja kuligundua jambo hili kwa njia yao. Mwaka 1973 Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwenye shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichukua watoto waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja waliahidiwa cheti chenye muhuri wa dhahabu na utepe wakichora. Kundi la pili walichora bila ahadi, kisha wakashtukizwa na cheti kile kile. Kundi la tatu hawakupewa kitu. Siku kadhaa baadaye kalamu zikawekwa mezani bila masharti, na watafiti wakatazama nani anazifuata kwa hiari yake. Wale walioahidiwa walizigusa kwa takriban nusu ya muda wa wenzao. Wale walioshtukizwa hawakupungua hata kidogo. Cheti kilikuwa kile kile, karatasi ile ile na utepe ule ule. Kilichotofautiana ni kama kilitangulia kazi au kiliifuata.

Sasa nije nyumbani, kwa sababu utafiti wa chekechea ya California hautoshi kuendesha shule ya Busia.

Busia yenyewe ina habari zake. Mwishoni mwa miaka ya 1990, katika wilaya za Busia na Teso magharibi mwa Kenya, shule 50 za msingi ziliingizwa kwenye mpango wa zawadi kwa walimu na nyingine 50 zikabaki kwa ajili ya kulinganisha. Walimu wa darasa la 4 hadi la 8 wangepewa zawadi wanafunzi wao wakifanya vizuri au wakipanda kwenye mtihani wa wilaya. Zawadi zilikuwa na thamani ya kati ya asilimia 21 na 43 ya mshahara wa mwezi, na kwa mwalimu wa wakati ule hicho si kitu kidogo. Wachumi Paul Glewwe, Nauman Ilias na Michael Kremer walifuatilia. Kremer ndiye aliyekuja kupata Tuzo ya Nobeli ya uchumi pamoja na wenzake mwaka 2019.

Alama zilipanda. Mwenye haraka angefunga faili hapo na kutangaza ushindi. Lakini watafiti waliingia ndani ya shule. Walikuta walimu hawahudhurii kazini zaidi ya zamani. Kazi za kufanyia nyumbani hazikuongezeka. Namna ya kufundisha ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kuwaandaa watoto kwa mtihani. Na kwenye mtihani mwingine, usiokuwa na zawadi nyuma yake, watoto hao hawakuwa wamewazidi wenzao. Mpango ulipokwisha, faida ikayeyuka. Zawadi ilikuwa imenunua kile kile ilichokitaja, alama za mtihani ule, na haikununua chochote cha zaidi.

Msinielewe kwamba nawalaumu walimu wa Busia. Waliambiwa kinachotakiwa ni alama, wakaleta alama. Aliyeweka sharti ndiye aliyechagua wimbo.

Tanzania ilipata fundisho jingine, na hili ndilo ningependa kila ofisa elimu alijue kwa moyo. Mwaka 2013 na 2014 mpango wa KiuFunza ulifanyika katika wilaya 10, kwenye shule 350 za msingi za serikali. Shule zikagawanywa kwa bahati nasibu. Shule 70 zilipelekewa fedha za ruzuku moja kwa moja, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, zinunue vitabu, chaki na mahitaji mengine. Shule nyingine 70 hazikupata ruzuku hiyo, ila mwalimu wa darasa la 1 hadi la 3 aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu mtihani wa Kiswahili, wa Kiingereza au wa hisabati. Shule 70 nyingine zilipata vyote viwili. Zilizobaki 140 ziliendelea kama kawaida.

Ruzuku peke yake haikuinua kiwango cha watoto kujua kusoma na kuhesabu. Vitabu vilikuja, na elimu ikabaki pale pale. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya mchanganyiko yasiyoweza kutegemewa. Lakini pale ambapo mwalimu alikuwa na vifaa mkononi na pia akaona kwamba juhudi yake inahesabiwa, watoto walijifunza, tena kwa kiasi kilichozidi jumla ya vile viwili vikiwekwa kila kimoja peke yake. Utafiti huo, ulioongozwa na Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan pamoja na wenzao, ulichapishwa mwaka 2019 katika jarida la uchumi la Harvard linaloheshimika kote duniani, na bado tunaendesha vikao vya bajeti tukibishana kama tupeleke vifaa au tulipe bonasi.

Varro angeelewa matokeo yale bila kuhitaji takwimu. Zumari ya kulia peke yake ni nusu ya muziki. Ya kushoto peke yake nayo ni nusu.

Lakini kuna jambo linalotangulia vifaa na linalotangulia bonasi, na hili sikulipata kwenye jarida. Nilipokuwa nikifundisha shule ya msingi, tangazo lilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya walimu kwamba wiki ile tungepokea motisha. Chai ya saa nne ilinoga siku ile. Watu walipanga ada za watoto, mabati, deni la duka. Ijumaa tukaitwa mmoja mmoja kusaini. Karatasi ilikuwa na safu ya jina, safu ya kiasi, na safu nyembamba ya maelezo ambayo mtu mwenye haraka asingeisoma. Mwalimu mwenzangu, mama wa makamo aliyefundisha darasa la kwanza na kupendwa na kila mzazi, aliifuata safu ile kwa kidole, akaisoma kwa sauti ndogo: nauli ya likizo, mwaka uliopita. Akanigeukia. «Mwalimu, hii ni motisha au ni deni?»

Alisaini, maana alizihitaji. Akaingia darasani. Lakini neno motisha halikutamkwa tena katika ofisi ile kwa uso wa kawaida, na mwalimu mkuu aliyekuja baadaye, mtu mwema, alipolitumia kwa nia njema kabisa, watu walitazama chini.

Hapo ndipo ninapoona kosa letu kubwa kuliko yote. Tumechukua haki ya mtu, tumeichelewesha, kisha tumemrudishia tukiiita zawadi. Mshahara wa wakati ni haki. Kupandishwa daraja kwa mujibu wa sheria ni haki. Nauli ya likizo, malipo ya muda wa ziada, glovu za muuguzi, mafuta ya pikipiki ya bwana shamba, yote hayo ni haki au nyenzo za kazi. Hakuna hata moja kati yake linalostahili kuitwa motisha, na kila tunapoliita hivyo tunamfundisha mtumishi kwamba hata kinachoitwa motisha kwa kweli ni deni. Baada ya hapo hata zawadi ya kweli haiaminiki.

Motisha kwa maana yake ya kwanza, ile ya zumari, inaanzia kwa mtu anayefanya kazi mbele ya wenzake na kuwafungulia njia ya kuitikia. Mganga mkuu anayeshika zamu ya usiku mara moja moja ameanza wimbo. Mhariri anayekwenda mwenyewe kufuatilia habari ngumu ameanza wimbo. Mkuu wa shule mwenye vipindi vyake viwili vya hisabati kwenye ratiba, anayeingia darasani na chaki mkononi na kutoka na vumbi kwenye mikono ya shati, anajua kitu kuhusu darasa la watoto 90 ambacho hakuna ripoti itakayompa, na walimu wake wanajua kwamba anakijua. Mtu huyo akisema tujitahidi, wanaitikia. Asiyeingia darasani akisema maneno yale yale, wanasaini mahudhurio.

Kwa hiyo nawaomba mlio na vyeo, na wengi wenu mliokaa hapa mnavyo au mtakuwa navyo. Kabla hamjaandika neno motisha kwenye bajeti ya mwaka ujao, toeni kwanza orodha ya madai ya watumishi wenu, muyalipe, na kwenye safu ya maelezo muandike malimbikizo. Nunueni vifaa. Kisha jipangieni zamu kwenye kazi ile ile mnayoisimamia. Kikibaki kitu baada ya hapo, mtunzeni aliyefanya vizuri, mbele ya watu wake, bila kumtangazia dau kabla. Na mnaotunga sera ya elimu, yasomeni matokeo ya shule zile 350 kabla ya kikao kijacho. Yamechapishwa tangu 2019, na watoto waliokuwa darasa la kwanza wakati ule sasa ni vijana.